Tuweke mawe chini: neno letu juu ya makamyo ya RN1

Vijana wenzetu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, wa Kamalondo, wa Annexe na wa mu ville,

Leo barua yetu haiendi kwanza kwa gavana wala kwa meya. Inakuja kwenu, na inatuhusu sisi wenyewe. Wengine hawataipenda. Tunaiandika hivyo hivyo.

Wiki zilizopita, upande wa route ya Likasi, kamyo iligonga taxi-moto saa ya magharibi. Kijana aliyekuwa anaendesha alivunjika mguu. Mama aliyekaa nyuma yake, aliyekuwa anatoka soko, alikufa palepale, na unga wake ukamwagika mu vumbi. Shofere aliruka kutoka kabini, akakimbia mu pori. Hatujui kama alikuwa amelewa, kama alisinzia, ama kama ile moto ilimwingilia. Nyuma yake kulikuwa kamyo ingine, ya kampuni ingine, iliyosimama tu sababu njia ilikuwa imefungwa. Shofere wa ile ya pili hakukimbia. Alibaki kwenye kiti chake, sababu hakuwa amefanya kitu. Huyo njo alipigwa. Vioo vyote vilivunjwa, betri mbili zilipotea, chakula chake pia, na kama wazee wa kartiye hawangeingilia, wangemchoma pamoja na kamyo. Kati ya wenye kutupa mawe kulikuwa vijana wawili waliovaa T-shirt yetu.

Tumewaita, tumewasikiliza. Mmoja alituambia: "Bale bantu banatuua kila siku, na hakuna mwenye anafungwa. Mulitaka tufanye nini?"

Swali lake ni la kweli, na hatutamjibu na maneno ya bureau. Kila mmoja wetu hapa ana jina la mtu aliyebaki ku route ya Kasumbalesa ama ku route ya Likasi. Lakini tulipoingia mu movement tulikubali kutembea bila jeuri, hata mbele ya polisi na gaz lacrymogène yake. Tunawezaje basi kushika jiwe mbele ya mtu asiye na silaha, ambaye ana wiki tatu anapika ugali chini ya remorque yake, mbali na watoto? Jiwe halikurudisha ule mama. Na kwa kuwa tulipiga asiyekosa, sasa hakuna anayeongea tena juu ya aliyekosa. Wanaongea juu ya "vijana wahuni wa Lubumbashi". Njo vile tulipoteza mara mbili.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo. Mu 2024 inchi yetu ilitoa shaba zaidi ya tani milioni 3, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Piga hesabu mwenyewe. Kama kila kamyo inabeba tani 30, hiyo ni makamyo laki moja kwa mwaka, karibu 270 kila siku ya Mungu, Krismasi na Pasaka ndani. Toa ile inayopita na treni ya Lobito, bado ni nyingi. Kisha ongeza yale yanayoingia: soufre, asidi, chokaa, mazuti, mashini, na pia mahindi tunayokula. Sehemu kubwa inapita ku Kasumbalesa, kilometa karibu 90 kutoka hapa, halafu inapita kwetu, halafu Likasi, mpaka Kolwezi, kilometa karibu 300. Kwa sehemu kubwa ni barabara moja tu: njia moja ya kwenda, njia moja ya kurudi. Juu ya ile ile barabara kuko taxi-bus, kuko kinga zenye kubeba makala, kuko mama na beseni ya mboga kichwani, kuko watoto wa masomo, nyeupe na bulu, wenye kuvuka saa sita na nusu bila mtu wa kuwashika mkono.

Reli haikukosa kuwapo. Treni ilifika hapa mu 1910, mji ukiwa bado mchanga na ukiitwa Elisabethville, na kwa miaka mingi shaba ilisafiri na treni. Wazee wetu wengi walilelewa na mshahara wa reli. SNCC ilivyozeeka, mzigo ulihamia barabarani, na barabara haikupanuka kwa kipimo hicho. Shofere wa kamyo hakuamua hiyo. Hata wewe hukuamua.

Sasa huyu shofere ni nani? Wengi ni Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe, watu wa Afrika ya Kusini. Wengine ni ndugu zetu kabisa, wa Likasi, wa Kipushi, wa hapa hapa. Ku Kasumbalesa anaweza kukaa siku mingi kwenye mstari wa makamyo, bila choo, bila maji safi. Usiku wanamwibia mazuti na simu. Ku kila kizuizi anaombwa "ya mayi". Bosi anampigia: uko wapi, mzigo unachelewa. Kwa hiyo akipata njia wazi, anakaza. Tunasema hivi si kwa kumtetea. Mtu mwenye usingizi nyuma ya usukani wa tani 50 ni hatari, hata akiwa mtu mzuri. Tunasema ili mujue hasira yetu inapaswa kupanda mpaka wapi.

Siku ya Mungu moja tulienda mu parking, tukaomba shofere mmoja Mtanzania atuonyeshe kiti chake. Alitukaribisha vizuri, na Kiswahili chake cha bora kikatufanya tuone aibu kidogo na chetu. Leki yetu mmoja alipanda juu, akakaa ku usukani. Yule papa akatupanga sisi watano chini: mmoja mbele kabisa, karibu na pare-choc, mmoja na moto yake pembeni ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, wawili kati ya kichwa na remorque, mmoja nyuma. Akamwuliza: "Dada, unaona watu wangapi?" Leki akaangalia vioo vyote, akageuza shingo, akasema: "Sioni mtu." Shofere hakucheka. Alisema tu: "Basi wote hao umeshawaua."

Tangu ile siku tunaangalia makamyo na macho ingine. Kama wewe hauoni uso wa shofere kwenye kioo chake, yeye pia hakuoni. Wenye taxi-moto, hii ni yenu kwanza: mnapenda kuingia pale pale, kati ya kamyo na mtaro, embouteillage ikikaza. Kamyo ikipinda, kichwa kinaenda upande mmoja na remorque inakata kona kwa ndani. Wewe uko ndani ya ile kona.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaona kila siku bila kulifikiria: usukani. Zambia, Tanzania, Zimbabwe na Afrika ya Kusini, watu wanatembea upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kuume. Kwetu tunatembea upande wa kuume, toka wakati wa Wabelgiji. Pale mpakani, shofere anahama upande, lakini kiti chake hakihami. Kwa hiyo hapa kwetu anakaa upande wa majani, ukingoni mwa barabara, na upande wake wa kushoto, ule ule ambao sisi tunapitia kwa kumtangulia, ni giza. Akitaka yeye kupita kamyo ingine, hawezi kuchungulia kidogo. Anapaswa kutoa kichwa chote mu njia ya wengine ndipo aone kama kuna mtu anakuja. Ukiona kamyo yenye usukani wa kuume inajivuta kushoto polepole, usiwashe phare na kutukana. Rudi nyuma. Bado hajaona.

Na tusijifanye watakatifu. Motokari mingi za hapa mjini zilitoka Japani, zikashukia Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume pia. Ukiwa nyuma ya kamyo, wewe mwenye Toyota haujui kinachokuja mbele. Unamwuliza yaya aliyekaa kushoto: "Naweza?" Naye, mwenye hana permis, mwenye alikuwa anaangalia simu, anajibu: "Kuya, kuya… apana! Rudia!" Tunacheka tukisimulia, lakini kuna watu hawakupata nafasi ya kusimulia.

Kuhusu clignotant: mashofere wa kamyo wanasaidiana nayo. Kule kwao, ya kuume inamaanisha usipite, kuna kitu kinakuja. Ya kushoto inamaanisha pita. Kule ina maana, sababu wao wanatembea kushoto. Kwetu mazoea ni kinyume. Sasa wewe uko nyuma ya kamyo, inawasha ya kushoto. Anakuambia "pita" kwa sheria ya kwao, ama "usipite" kwa sheria ya kwetu, ama yeye mwenyewe anataka kupinda ku kartiye? Hauwezi kujua. Clignotant ya kamyo isikutoshe kamwe. Ngoja uone barabara na macho yako.

Na hesabu ya kupita, tuifanye mara moja. Kamyo na remorque yake ina urefu wa meta 20 hivi. Inaenda 60, wewe unaenda 80. Kuanzia pale unatoka nyuma yake mpaka pale unarudi mbele yake na nafasi ya kutosha, unahitaji karibu sekunde 10. Mu zile sekunde, unatembea meta 220. Mwenye anakuja mbele, naye kwa 80, anatembea meta 220 zingine. Unahitaji barabara wazi ya karibu nusu kilometa, na route ya Likasi ina vilima na makona ambapo hauoni hata meta mia mbili. Mashofere wa taxi-bus wanajua hii hesabu kwa mwili wao na bado wanapita, sababu versement ya bosi inangoja jioni. Abiria, sisi tuna mdomo. Tunalipa nauli, tunaweza kusema "papa shofere, polepole". Mama mmoja akisema anachekwa. Watu wanne wakisema pamoja, anapunguza. Tumejaribu.

Sasa upande wa mashofere wa kamyo, sababu wengine wao wanasoma ukurasa huu, na hatuwafichi kitu.

Kamyo ikiharibika, munakata matawi ya miti munaweka mu barabara. Mchana inasaidia. Usiku, majani hayaangazi. Triangle inauzwa bei ndogo kuliko tairi moja, na bande ya kuangaza ya nyuma ya remorque pia. Na mukimaliza kutengeneza, munaondoka, munaacha mawe makubwa muliyozuia nayo magurudumu. Wa moto anayekuja nyuma usiku anayakuta. Hili, papa zetu, halina bosi, halina mpaka, halina roulage ya kusingizia. Ni kuinama na kutoa jiwe. Musisimame pia mbele ya masomo na mbele ya soko juu ya kununua vocha. Kamyo yenu inakuwa ukuta, na mtoto anatokea mbele yake akikimbia.

Na juu ya kukimbia. Tunaelewa kwa nini munakimbia, tumesema hapo juu sisi wenyewe tulifanya nini. Lakini aliyegonga mtu akaondoka, anamwacha mtu wa kusaidiwa akimwaga damu. Kama unaogopa watu, fika ku poste ya polisi ya karibu, jitangaze, piga simu kwa kampuni ilete msaada mbio. Kampuni ambayo haimpi shofere hata namba moja ya kuita usiku, na ambayo jambo la kwanza inauliza ni "mzigo uko salama?", hiyo ina sehemu yake mu kifo.

Tunapaswa kusema juu ya asidi peke yake. Tarehe 20 février 2019, ku barabara ya Kolwezi, upande wa Tenke, kamyo yenye kubeba asidi ya sulfuriki iligongana na bus. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliungua na asidi iliyomwagika. Walikuwa wasafiri tu, watu wa kawaida. Miaka imepita, na makamyo ya asidi bado yanatembea kati yetu. Ukikuta kamyo ya citerne imeanguka, ukaona moshi mweupe ama ukasikia harufu ya kukata pua, usisogee kupiga picha. Rudi, simamia upande upepo unakotoka, zuia wengine. Usimwage ndoo ya maji juu ya asidi ile. Inachemka na kuruka. Lakini mtu ambaye asidi imemgusa, huyo toa nguo zake mbio na umwagie maji mengi, kwa muda mrefu, mpaka mufike hospitali.

Na ikiwa ni essence ama mazuti, bidon ibaki nyumbani. Ku Sange, mu Sud-Kivu, tarehe 2 juillet 2010, citerne ilianguka, watu wakakaribia, wengine wakateka mafuta, moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wengi ndani. Tunajua njaa iko. Tunajua litre moja ni chakula cha siku. Bado tunasema bidon ibaki nyumbani.

Sasa wakubwa, zamu yenu imefika.

Ku RN1 kila mtu analipa péage, kamyo inalipa mara nyingi kuliko motokari ndogo. Tena kuna FONER, mfuko uliowekwa mu 2008 juu ya kutunza barabara, unaokula kwenye kila litre ya mafuta tunayonunua na kwenye péage. Tunaomba hesabu ibandikwe wazi: kila mwezi, ku kila péage, ni makamyo mangapi yalipita, ni pesa ngapi iliingia, na ni meta ngapi za barabara kati ya Kasumbalesa na Likasi zilitengenezwa nayo. Hiyo si siri ya jeshi. Ni risiti yetu.

Tunaomba parking za kweli nje ya mji, zenye taa, maji na choo, upande wa Kasumbalesa na upande wa Likasi, ili kamyo isilale tena pembeni ya barabara na shofere alale kama mtu. Tunaomba saa za makamyo mu mji zifuatwe: mara na mara tumesikia matangazo ya kuyakataza mchana, wiki mbili zinapita, tunayakuta tena mbele ya masomo saa ya watoto kutoka. Sheria ambayo inaondoka kwa noti ya franc elfu kumi si sheria. Tunaomba makamyo ya asidi yatembee kwa convoi, na motokari ya kutangulia, mchana tu, na vijiji vya njiani vifundishwe la kufanya kabla ajali haijafika. Code de la route tuliyo nayo ni ya 1978; ina mengi mazuri ndani yake, lakini roulage wengi wanaitumia kama kitabu cha kudai pesa. Waanze kuangalia frein, taa na matairi, si karatasi peke yake.

Kwa wale vijana wawili: hatukuwafukuza. T-shirt zao ziko kwetu kwa sasa. Walikubali wenyewe kwenda kumwona yule shofere wa kamyo ya pili, aliyekuwa bado anangoja vioo mu parking, na mmoja wetu alienda nao. Aliwasikiliza muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akawauliza jina la ule mama aliyekufa. Hawakulijua. Walirudi kartiye kulitafuta.

Jumamosi inayokuja, saa mbili ya asubuhi, tunakutana mbele ya masomo tatu za route ya Likasi. Tutapaka rangi nyeupe ya kuvukia, tutasimama na watoto mpaka saa saba, na tutatoa mawe yote yaliyoachwa kwenye kilometa tano za kwanza. Barua kwa mairie imeshaandikwa. Atakayepita hapo asome na atie saini. Mwenye ana bande za kuangaza azilete, tutazibandika nyuma ya makamyo, kwa ruhusa ya mashofere. Mwenye ana pinceau, alete. Rangi tunayo ndoo mbili tu.